Kituo cha Nne

Rimu ya trekta iligongwa saa mbili na nusu,
mtihani wa mikono ukaanza Mpwapwa.
Upepo wa Kiboriani uliyataka makaratasi yangu;
nikayabana kwa jiwe, na jiwe kwa kiwiko.

Vituo vilikuwa sita chini ya bati.
Cha kwanza, kushona jeraha kwenye mguu wa mbuzi
ulionunuliwa buchani alfajiri, kwato bado zina tope.
Cha pili, kuvuta dawa kwenye sindano bila kiputo.
Cha tatu alisimamia Chibago, na Chibago huwa hasemi.
Changu kilikuwa cha nne:
kibanio cha miti ya mkambala, ng'ombe mmoja mwekundu
wa Mama Mbeleje wa Ving'hawe,
watahiniwa wanne tu,
maana ng'ombe naye uvumilivu wake una mwisho.

Dakika saba kila mmoja. Pima mimba, taja umri.
Amekata kucha: vema.
Amevaa glovu hadi begani: vema.
Ametoa kinyesi taratibu: vema.
Hayo jicho liliyaona.
Lakini kiwiko kikishazama
mwalimu hubaki nje kama mgeni mlangoni,
anasikia vyombo vinagongana, hajui kinachopikwa.

Muhula mzima tulijifunzia kwenye pipa la plastiki:
ndani mpira wa baiskeli, ndani baluni la maji.
Niliwafunga macho kwa khanga, nikawauliza, umeshika nini?
Pipa halikuwahi kupiga teke.
Pipa halikuwa na mwenyewe.

Lemburis alitabasamu upesi. "Miezi minne, mwalimu."
Ijengo: "Minne."
Danstani, kabla hata hajaufikia mlango wa kizazi: "Minne."
Na rejista, kwa wino wangu mwenyewe: mimba, miezi minne.
Vema, vema, vema.

Akaja Sechelela.
Kwanza alimgusa ng'ombe mgongoni, akamsemesha kwa Kigogo
maneno ambayo karatasi yangu haina mstari wake.
Dakika ya tatu, jasho.
Dakika ya tano, akafumba macho bila khanga.
"Mtupu," akasema.
"Una hakika?" Nilivunja kanuni; msimamizi haulizi hivyo.
"Mkono wangu una hakika. Mimi naogopa."

Nikaandika kosa. Rimu ikagongwa.
Aliondoka ameigeuza glovu ndani nje, kama nilivyomfundisha.

Sijui nini kilinivua koti.
Labda Mama Mbeleje, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akihesabu vidoleni: Machi ndama, Machi maziwa, Aprili ada.
Nikavaa glovu, nikaingia.
Joto. Mlango wa kizazi, mgumu kama shingo ya kuku.
Kisha pembe mbili za kizazi, nyembamba, sawasawa,
zinajikunja kwenye vidole vyangu kama mkia wa mwanambuzi.
Maji hamna. Aliyekuwemo Agosti
alikwisha kuondoka bila kuaga.

Wale watatu walipima kwa masikio:
jibu lilitoka ofisini kwangu jioni, likalala bwenini.
Nami nilipima kwa kalamu.

Nikakata, nikaandika upya. Vema tatu zikawa makosa,
kosa moja likawa vema,
na pale palipoandikwa *sahihi ya msimamizi*
nikaacha wazi mpaka usiku.

Lakini lilibaki jambo lisilo na kituo:
nani amwambie mama?
Nilimwita Sechelela.
Hakusimama mbele yake. Alichuchumaa, macho yakalingana.
Sikusikia walichosema; Kigogo changu ni cha mnadani.
Niliona tu mama anaushika ule mkono wa kulia,
bado unanuka zizi,
anaugeuza, anautazama kiganja,
na nyuma yangu rimu inagongwa,
na mtu anauliza kama kituo cha nne kimefungwa.